Hamkuibiwa, Mlishindwa

Ukitaka kumwona shabiki wa Atlanta Braves akibadilika sura, usimuulize kuhusu ubingwa wa 1995 wala ule wa 2021. Mtajie mwamuzi aitwaye Sam Holbrook. Huu ni mwaka wangu wa pili katika jiji hili, nasomea shahada ya uzamili ya takwimu, na tayari nimesimuliwa kisa cha Holbrook na kinyozi, na dereva wa teksi, na mwanafunzi mwenzangu ambaye kilipotokea alikuwa bado shule ya msingi. Kila mmoja ana namna yake ya kusimulia, ila mwisho wa masimulizi ni uleule: tuliibiwa.

Nabishana na neno hilo. Uchungu wao siugusi, kwa sababu mimi ni mtoto wa Temeke na najua timu inavyoweza kumnyima mtu usingizi. Nabishana na neno, kwa sababu kuibiwa ni jambo moja na kushindwa ni jambo jingine, na mtu akishazoea kuyachanganya uwanjani, sijui ni wapi pengine atayatenganisha.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, nieleze kidogo. Besiboli ina awamu tisa. Katika kila awamu timu moja hupiga na nyingine hulinda, kisha hubadilishana. Anayepiga anataka kuzunguka besi tatu na kurudi nyumbani, hapo amepata pointi. Wanaolinda wanataka kuwatoa watu watatu, na wakishatolewa watatu zamu imekwisha. Mpira uliopigwa juu ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametolewa, na wenzake waliokuwa kwenye besi lazima warudi walipokuwa wamesimama.

Hapo ndipo ulipoingia ujanja wa zamani. Mlinzi anauona mpira mrahisi unashuka, anauacha uanguke makusudi, na wakimbiaji walioganda kwenye besi zao wanakuta wamechelewa. Watu wawili wanatolewa kwa mpigo. Kuzuia hila hiyo ikatungwa kanuni iitwayo infildi flai: kukiwa na wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili, na hawajatolewa wawili, mpira wa juu ambao mlinzi wa ndani anaweza kuudaka kwa juhudi za kawaida unahesabiwa kuwa umedakwa hata ukianguka. Mwamuzi ananyoosha mkono, mpigaji katoka, hila imekufa.

Tarehe 5 Oktoba 2012, katika uwanja wa Turner Field, Braves walicheza na St. Louis Cardinals mechi moja ya kufa au kupona. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa utaratibu huo: timu mbili zilizoingia mtoano kwa nafasi za ziada zilikuwa zinakutana mara moja tu, na aliyeshindwa alikwenda nyumbani. Braves walikuwa wameshinda mechi 94 msimu ule, Cardinals 88. Chipper Jones, aliyecheza miaka yake yote ya ligi kuu kwa Braves, alikuwa ametangaza kustaafu. Wakishindwa, ndiyo mechi yake ya mwisho.

Awamu ya nane, Braves wako nyuma 6–3. Mtu mmoja ametolewa, wakimbiaji wawili wako besi ya kwanza na ya pili. Andrelton Simmons anapiga mpira wa juu kuelekea kushoto. Pete Kozma, mlinzi wa ndani wa Cardinals, anaukimbilia huku akirudi nyuma, ananyanyua mkono kuonyesha kwamba ni wake, kisha anaupisha akidhani mwenzake Matt Holliday anaudaka. Mpira unaanguka kati yao. Uwanja mzima unasimama kwa furaha, besi zote zimejaa! Kumbe Holbrook, mwamuzi wa mstari wa kushoto, amenyoosha mkono. Infildi flai. Simmons ametoka. Chupa na vikombe vikaanza kumiminika uwanjani na mechi ikasimama kwa dakika 19. Kocha Fredi González akawasilisha pingamizi, na Joe Torre, ofisa wa ligi aliyekuwapo uwanjani, akalikataa palepale. Cardinals wakashinda kwa matokeo yaleyale, 6–3.

Je, Holbrook alikosea? Hoja ya mashabiki ina uzito. Mpira uliangukia mbali kwenye nyasi za nje, mahali ambapo kanuni hiyo haitumiki mara kwa mara, na mkono wa mwamuzi ulinyanyuka mpira ukiwa umekaribia kufika chini, wakati ambapo ishara haimsaidii tena mkimbiaji yeyote. Wanaomtetea wanajibu kwamba kanuni haipimi umbali, inapima juhudi, na Kozma alishafika mahali pa kuudaka. Ubishi huu unaweza kukesha. Ili nisiukeshe, nawapa mashabiki ushindi wote: tuseme alikosea, na alikosea vibaya.

Sasa tuhesabu. Mpigaji aliyefuata, Brian McCann, alipewa besi ya bure, na besi zikajaa vilevile kama mashabiki walivyotaka. Michael Bourn akaja kupiga, akakosa straiki tatu. Awamu ya tisa, wawili wakiwa wameshatolewa, Chipper Jones na Freddie Freeman wakafika kwenye besi, na Dan Uggla akasimama kupiga akiwa yeye mwenyewe ndiye pointi ya kusawazisha. Akapiga mpira wa chini, akatolewa, mechi ikaisha. Kabla ya hapo walinzi wa Braves walikuwa wamekosea kurusha mara tatu, na kosa la kwanza lilitoka mkononi mwa Chipper Jones. Wakimbiaji 12 wa Braves waliachwa kwenye besi usiku ule bila kufika nyumbani.

Shabiki atasema: besi kujaa akiwa ametolewa mmoja si sawa na kujaa wakiwa wametolewa wawili. Ni kweli. Uamuzi ule uliwagharimu mtu mmoja. Lakini timu inayocheza awamu tisa ina watu 27 wa kutolewa kabla haijashindwa. Tuseme mmoja alichukuliwa na Holbrook. Waliobaki 26 Braves waliwatumia wenyewe, na hakuna anayewataja.

Kwa nini hawatajwi? Kwa sababu makosa 26 hayana sura. Yamesambaa kwa saa tatu, mgongoni mwa wachezaji tunaowapenda na ambao jezi zao tumezinunua. Uamuzi wa mwamuzi una sura, una dakika yake, una picha ya video inayoweza kurudiwa mara elfu. Uchungu unapotafuta pa kutua, hautui kwenye wastani, unatua kwa mtu, na mwamuzi ndiye mtu pekee uwanjani asiye na shabiki hata mmoja wa kumtetea.

Kisa cha 1985 ni kikubwa zaidi, na kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko cha Atlanta. Ilikuwa mechi ya sita ya World Series, Cardinals hawa hawa dhidi ya Kansas City Royals. Cardinals walikuwa wanaongoza mfululizo 3–2 na mechi 1–0, wamebakiza kuwatoa watu watatu tu wawe mabingwa. Jorge Orta wa Royals akapiga mpira wa chini, ukarushwa besi ya kwanza, na mwamuzi Don Denkinger akasema amefika salama. Picha za marudio zilionyesha wazi kwamba alikuwa ametoka. Hapa hakuna ubishi, Denkinger mwenyewe alikubali baadaye kwamba alikosea. Royals wakapata pointi mbili, wakashinda 2–1, na kesho yake wakachukua ubingwa.

Muulize mtu wa St. Louis, atakwambia Denkinger aliwapokonya kombe. Hatakwambia kwamba baada ya uamuzi ule mlinzi wao alishindwa kudaka mpira wa juu uliokuwa mrahisi, na mpigaji aliyeponea hapo akafika besi. Hatakwambia kwamba mdakaji wao aliuachia mpira ukampita, na wakimbiaji wakasogea. Hatakwambia kwamba Orta, yule aliyepewa uhai na mwamuzi, hakupata pointi. Alitolewa besi ya tatu katika awamu ileile. Na hatapenda kukumbushwa kwamba kulikuwa na mechi ya saba, ambayo Cardinals walishindwa 11–0. Katika mechi saba zote walipata pointi 13. Hakuna mwamuzi aliyewashika mikono.

Angalieni jambo jingine. Timu iliyojiita imeibiwa mwaka 1985 ndiyo iliyonufaika mwaka 2012. Kwa miaka 27 St. Louis ililaani kosa la mwamuzi, kisha kosa la mwamuzi likaanguka upande wake, na sikusikia kwamba mtu yeyote alitaka kurudisha ushindi.

Katika fani yangu tunafundishwa mapema kutenganisha makosa ya aina mbili. Kuna kosa la nasibu: kipimo kinayumba, leo juu, kesho chini, na ukikusanya vipimo vingi vya kutosha miyumbo inapunguzana. Na kuna upendeleo: kipimo kinayumba upande mmoja kila mara, na ukikusanya zaidi ndivyo uongo unavyozidi kujengeka. Mizani ya sokoni inayotikisika kwa upepo ni kitu cha kwanza. Mizani ambayo muuzaji ameiwekea sumaku chini ni kitu cha pili. Wizi unaishi katika aina ya pili. Anayedai ameibiwa ana kazi ya kuonyesha sumaku: nia, au faida, au mwelekeo. Kuonyesha kwamba mizani ilitikisika siku yeye alipokuwa ananunua nyama hakutoshi.

Na besiboli, kwa bahati mbaya, imewahi kuibiwa kweli. Hapa ndipo ninapowashangaa mashabiki hawa zaidi, kwa sababu historia ya mchezo wao wenyewe inawaeleza wezi walikuwa akina nani.

Mwaka 1919 timu ya Chicago White Sox ilishindwa World Series na Cincinnati Reds kwa sababu wachezaji wake walikuwa wamepatana na wacheza kamari. Wanane walifungiwa maisha. Mwaka 2017 Houston Astros walitwaa ubingwa wakiwa na kamera iliyosoma ishara za mdakaji wa wapinzani, skrini karibu na benchi lao, na mtu wa kugonga pipa la taka kumjulisha mpigaji ni mpira wa aina gani unaokuja. Ligi ilipomaliza uchunguzi Januari 2020, klabu ilitozwa dola milioni 5, kocha na meneja mkuu wakasimamishwa mwaka mmoja na klabu ikawafukuza. Wachezaji hawakuadhibiwa, na ubingwa haukufutwa. Wahenga walisema anayepatikana na ngozi ndiye mwizi. Katika visa hivi viwili ngozi ilipatikana kwa wachezaji, wale wale tunaoandika majina yao migongoni mwetu.

Sitaki kuwasafisha waamuzi kwa maji yasiyo yangu. Yuko Dick Higham, mwamuzi aliyefukuzwa mwaka 1882 kwa kushirikiana na mcheza kamari. Na yuko Pat Hoberg, ambaye kisa chake kila shabiki angepaswa kukijua kwa moyo. Katika mechi ya pili ya World Series ya 2022, Hoberg alisimama nyuma ya mdakaji akaamua mipira 129 ambayo wapigaji hawakuigusa, na kwa hesabu ya wachambuzi wa Umpire Scorecards hakukosea hata mmoja. Februari 2025 ligi ilitangaza kumfukuza. Sababu ni kwamba alikuwa akitumia akaunti za kubashiri pamoja na rafiki yake aliyekuwa akibashiri besiboli, na alifuta ujumbe waliokuwa wakiandikiana. Ligi ilisema haikupata ushahidi kwamba yeye mwenyewe alibashiri besiboli au alipindua matokeo ya mechi. Hata hivyo ilimwondoa, na ilifanya sawa.

Tazameni visa hivyo viwili kwa pamoja. Denkinger alikosea mbele ya dunia nzima, akaendelea kuaminiwa na ligi hadi alipomaliza kazi mwaka 1998. Hoberg hakukosea mpira hata mmoja katika mechi kubwa kuliko zote, na akafukuzwa. Ligi iliona tofauti ambayo mashabiki wanakataa kuiona. Usahihi ni kitu kimoja na uaminifu ni kingine. Mtu anaweza kuwa mwaminifu akakosea, na anaweza kupatia kila kitu huku akiwa amevunja imani. Ukimwita kila aliyekosea mwizi, siku mwizi akija huna jina jipya la kumwita.

Nimeyasema haya mbele ya marafiki na nimepata majibu ya aina tatu. Nayajibu moja moja.

La kwanza: kosa na wizi vinaniuma sawasawa, matokeo ni yaleyale. Hapana. Daktari aliyekosea kusoma picha ya eksirei na daktari aliyeuza figo ya mgonjwa wanaweza wote kumwacha mgonjwa na figo moja, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayewaweka kizimbani pamoja. Kosa tunalirekebisha, mwizi tunamshtaki. Ukimshtaki aliyekosea hakuna kinachorekebishwa, na ukimrekebisha mwizi kwa upole anarudi kesho.

La pili: shabiki amelipa kiingilio, ana haki ya kukasirika. Anayo, akasirike. Apige kelele mpaka sauti ikauke, arudi nyumbani asile. Lakini hasira haitoi leseni ya kurusha chupa ya kioo wala ya plastiki juu ya kichwa cha mtu aliyekuja kazini. Denkinger alipata barua za vitisho baada ya 1985, na watangazaji wa redio wa St. Louis walitoa anwani yake na namba yake ya simu hewani. Mtu alikosea sehemu ya sekunde, na familia yake ikalindwa na polisi. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mwenye kiingilio, basi tiketi hizi zinauza kitu kisichoandikwa juu yake.

La tatu ndilo la kisasa: leta mashine, yaishe. Hili nalikubali kwa nusu. Tangu 2014 maamuzi mengi ya besiboli yanaweza kurudiwa kwa video, na kosa la Denkinger leo lingefutwa haraka. Kuanzia msimu wa 2026 kila timu inapata nafasi mbili za kupinga uamuzi wa straiki, na kompyuta inayofuatilia mpira ndiyo inayosema neno la mwisho. Mwenye kushinda pingamizi anabaki na nafasi yake. Ni jambo jema. Mimi ni mtu wa takwimu, siwezi kulia kwa sababu kipimo kimekuwa sahihi zaidi.

Lakini mashine haitamponya anayehitaji wa kumlaumu. Oktoba 2021 San Francisco Giants, walioshinda mechi 107 msimu ule, walitolewa na Los Angeles Dodgers katika mechi ya tano kwa 2–1. Uamuzi wa mwisho ulikuwa kwamba Wilmer Flores alizungusha gongo, wakati picha zilionyesha alikuwa amelizuia. Mashabiki wa Giants wakapata jina jipya la kulaani, la mwamuzi Gabe Morales, na uamuzi wa aina hiyo haukuwa unaruhusiwa kurudiwa kwa video. Marudio ya video yalikuwa na umri wa miaka saba wakati huo. Lawama ilikwenda kukaa mahali ambapo video haikufika. Kesho itahamia kwa aliyeitengeneza programu. Keshokutwa kwa aliyechora mistari ya uwanja. Kinachowauma Giants ni kwamba katika awamu tisa walipata pointi moja. Hakuna kompyuta ya kulitibu hilo.

Kuna anayefikiri haya yote ni mambo ya matajiri wa ligi kuu, yasiyomhusu mtu wa kawaida. Aprili iliyopita dada mmoja wa Moshi ninayepanga chumba kwake, tunamwita Mama Ima, alinichukua kwenda kumtazama mwanawe wa miaka tisa akicheza. Mwamuzi alikuwa binti wa miaka kama kumi na sita hivi, anayelipwa pesa kidogo za mfukoni. Awamu ya tatu baba mmoja alisimama kwenye uzio akaanza kumfokea kwamba anawaibia watoto. Akarudia, akarudia. Binti hakujibu, akashusha barakoa yake ya chuma, akaendelea na kazi. Nilikuwa nimeshaanza kuandika matokeo kwenye daftari kwa mazoea ya fani, kwa hiyo niliweza kuhesabu. Warushaji wa timu ya yule baba walikuwa wameshawapa wapinzani besi za bure tisa, na mipira mingi kati ya hiyo ilikuwa inadunda chini kabla haijamfikia mdakaji. Mipira ya kudunda haina haja ya kuhukumiwa na mtu yeyote.

"Mdogo wangu," Mama Ima akaniambia, "hapa mpira wa watoto ni kesi."

Ni kesi kweli, na wanaohukumiwa si waamuzi peke yao. Mashirikisho ya michezo ya shule Marekani yamekuwa yakilalamika kwa miaka kadhaa kwamba waamuzi wanapungua, na sababu inayotajwa kila mara ni matusi ya watazamaji. Lakini watazameni na watoto waliokuwa benchini siku ile. Walikuwa wanamsikiliza baba. Mtoto aliyerusha mipira minne chini alijifunza kwamba kuna maelezo mengine ya kushindwa kwake, maelezo matamu yasiyomtaka afanye mazoezi Jumatatu. Huo ndio wizi pekee nilioushuhudia uwanjani mchana ule, na aliyeufanya alikuwa nje ya uzio.

Tusijifanye hatuwafahamu watu hawa. Mimi nimekua nikisikia "refa kanunuliwa" kila baada ya Simba na Yanga kukutana, kutoka kwa upande wowote uliofungwa, na wiki inayofuata kutoka kwa upande wa pili. Sijawahi kumsikia shabiki aliyeshinda akisema refa kanunuliwa. Hiki tu kingetosha kutufikirisha. Neno hilo tunalitoa kama salamu. Na kwa kuwa tunalitoa kama salamu, hakuna anayetuuliza ushahidi, na sisi hatuutafuti. Siku mwamuzi akipokea bahasha kweli, kelele zetu zitafanana na za wiki iliyopita na za wiki iliyotangulia, na aliyeitoa bahasha atakaa jukwaani kwa amani akijua kwamba sauti ya tahadhari ilishachakaa zamani. Anayelilia wizi kila siku ndiye mlinzi bora ambaye mwizi angeweza kumwajiri.

Kuna njia nyingine, na besiboli hiyohiyo iliionyesha. Tarehe 2 Juni 2010, huko Detroit, Armando Galarraga alikuwa amebakiza mtu mmoja tu akamilishe mchezo ambao hakuna mpinzani anayefika besi hata mara moja, jambo ambalo warushaji wengi wakubwa hustaafu bila kulipata. Mtu wa 27 alipiga mpira wa chini, akatolewa waziwazi, na mwamuzi Jim Joyce akasema yuko salama. Galarraga alitabasamu, akarudi kurusha, akamtoa mpigaji aliyefuata. Joyce alipoiona video alikiri mbele ya waandishi kwamba alimnyima kijana yule mchezo wake mkamilifu. Kesho yake Galarraga ndiye aliyepelekwa na timu yake kumkabidhi Joyce orodha ya wachezaji, na mwamuzi akawa anafuta machozi mbele ya uwanja ambao kwa sehemu kubwa ulimpigia makofi.

Watu huikumbuka siku hiyo kama hadithi ya msamaha. Mimi naiona kama hadithi ya usahihi. Kila mtu uwanjani aliliita jambo kwa jina lake. Joyce alisema nilikosea, hakusema inategemea unavyoangalia. Galarraga alisema binadamu hukosea, hakusema nimeibiwa. Na mashabiki wa Detroit, ambao walikuwa na sababu nzito kuliko za Atlanta, kwa kuwa pale hakukuwa na makosa ya timu yao ya kuficha, waliweza kubeba vitu viwili kwa wakati mmoja: kwamba uamuzi ulikuwa mbaya, na kwamba aliyeutoa si mhalifu.

Hicho ndicho ninachowadai mashabiki, wa Atlanta na wa Kariakoo. Siwaombi mpoe, wala sisemi ni mchezo tu, kwa sababu anayesema hivyo hajawahi kupenda timu. Nawadai hesabu. Kabla hujatamka kwamba umeibiwa, orodhesha kwanza ulichokipoteza kwa mkono wako: mipira iliyokuponyoka, nafasi ulizozipita, wakimbiaji 12 uliowaacha wamesimama kwenye besi. Ukimaliza orodha hiyo na bado una sumaku ya kuonyesha chini ya mizani, njoo nayo, tutapiga kelele pamoja mpaka aliyeiweka aondoke. Usipokuwa nayo, kuna neno la Kiswahili linalokufaa, nalo halina aibu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Braves walishindwa usiku ule wa Oktoba, na walishindwa kihalali kwa sehemu 26 kati ya 27. Hiyo ni idadi inayotosha kumlaza mtu usingizi, na kumwamsha mapema kwenda mazoezini.